Maelezo ya Salesio Mukiri Kuhusu Mbuzi Wanne wa Mahari ya Rahema

KITUO CHA POLISI, MERU
Tarehe 9 Oktoba 1956, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya Koplo Njura

Jina: Salesio Mukiri.
Umri: Miaka kumi na tisa. Mama anasema ishirini.
Kazi: Mwandishi wa barua na mjazaji wa fomu, kibaraza cha fundi cherehani, Mjini, Meru.
Makao: Hapo hapo Mjini, chumba cha nyuma.
Elimu: Darasa la nne, shule ya misheni huko Embu, nilikokuwa nakaa kwa shangazi. La tano ningelifikia, ila nilimsahihisha mwalimu hesabu mbele ya mgeni.

Nimeomba niandike kwa mkono wangu, maana mwandiko wangu unajulikana kuanzia hapa mpaka Kangeta. Koplo Njura ameniangalia kwa jicho la kando akasema, "Andika. Lakini nikikuta uongo, utaula na karatasi yake." Basi ninaandika kweli, hata ile inayoniuma.

Mnamo tarehe 10 Septemba, Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwanamke alikuja kwenye meza yangu na bahasha aliyoifunga kwa leso. Alisema anaitwa Rahema. Kitabu chake cha pasi kilisema Ciakuthii binti Bundi, wa kijiji cha Kaathi. Nikamuuliza, "Dada, nyinyi ni wawili?" Akajibu, "Ni mmoja. Baba alinipa lile, mume wangu akanipa hili. Wewe una lako la misheni na la nyumbani, mbona hujajiuliza?" Niliandika majina yote mawili bila kubishana. Si kawaida yangu.

Mumewe ni Idrisi, mwana wa hapa Mjini, mchinjaji, ambaye kwa sasa anachinja huko Moshi, Tanganyika. Rahema alitaka ruhusa ya kumfuata. Wote tunajua kwamba tangu Hali ya Hatari ianze, Mmeru au Mwembu hatoki nje ya wilaya bila pasi, sembuse kuvuka mpaka. Alikuwa na hati ya ndoa ya msikitini, kibali cha kuingia Tanganyika ambacho mwisho wake ni tarehe 31 mwezi huu, barua ya tajiri wa Idrisi kwamba ana kazi na chumba, na kitabu cha Idrisi cha akiba ya posta. Karatasi safi. Safi mno, na mimi karatasi safi mno huzinusa. Wako wanawake waliokwisha kununua ndoa za karatasi ili wakimbie kijiji. Nilimwuliza mume wake hulala upande gani wa kitanda. Akaniambia, "Upande ambao wewe hutaufikia."

Kilichokosekana ni kimoja. Bwana Shauri, yule Mzungu anayewasaili waombaji wa pasi, alitaka barua ya baba mzazi ikitaja mahari aliyopokea, kitu kwa kitu, ili aamini kwamba ndoa ni ya kweli. Usaili wa Rahema na wa baba yake ulikuwa tarehe 2 Oktoba. Nikamwambia Rahema, "Hiyo kwangu ni kazi ya kunywa chai."

Tarehe 12 Septemba, saa tano, nilifika Kaathi kwa mzee Bundi. Nilimkuta anachonga mpini. Nikamuuliza Idrisi alitoa mbuzi wangapi. Alichonga, akachonga, kisha akasema, "Andika watano."

Mimi nilikuwa na barua ya Idrisi mfukoni, niliyoachiwa na Rahema. Idrisi kaandika tisa: majike manane na beberu.

"Mzee, watano kweli?"

"Kijana, nimekuambia andika watano. Au kalamu yako inakataa?"

Koplo, wewe ni mtu wa Embu, haya unayajua. Naandika kwa ajili ya Bwana Shauri asiyeyajua. Kwetu mtu hatoi hesabu ya mifugo yake, wala ya watoto wake. Ukiwahesabu unawaitia kifo. Ni mugiro, yaani mwiko. Ukimwuliza mzee ana mbuzi wangapi atakupa namba yoyote iliyo karibu na mdomo, na huo si uongo, ni adabu. Mimi nayajua tangu kunyonya. Lakini nilikwisha kujiambia kwamba darasa la nne limeniosha. Tena nilimshuku. Nilisema moyoni, huyu mzee ana kitu. Mwaka huu mbuzi asiyeonekana huulizwa ameliwa na nani, na jibu linalosubiriwa ni moja tu: watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali.

Basi tarehe 14 Septemba, Ijumaa, nilirudi Kaathi bila kuitwa. Mbuzi wa kijiji chote hulala boma moja, na saa mbili asubuhi homgadi, yaani askari mlinzi wa kijiji, huwafungulia wapite kwenye ubao uliowekwa juu ya handaki linalozunguka kijiji, mmoja mmoja. Wa Bundi wana mkato kwenye sikio la kushoto. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Nikahesabu kwa kidole, mbuzi wa mtu, mchana kweupe: tisa. Majike manane na beberu, kama barua ilivyosema. Mmoja alifuatwa na mtoto mweupe mwenye goti jeusi, ambaye sikumtia hesabuni kwa kuwa hakuwa wa mahari.

Nilifurahi kama mtu aliyeshika mwizi. Niliandika barua: mbuzi tisa. Mzee alitia dole gumba tarehe 17 bila kuomba asomewe, maana aliniamini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili, nilimfundisha Rahema. Nilimketisha kwenye kiti cha wateja nikajifanya Mzungu.

"Wewe mwanamke, baba yako alipata mbuzi wangapi?"

"Baba anajua."

"Ukijibu hivyo utabaki hapa unakoroga uji peke yako. Sema tisa."

"Salesio, mdogo wangu, usinisemeshe hesabu ya boma la baba."

"Sema."

Alijitemea mate kifuani kufukuza mkosi, kisha akasema, "Tisa." Nilimwambia aseme tena bila kutema mate. Alisema mara nne. Machozi yalimtoka na mimi nilicheka. Nimeliandika hilo kwa sababu Koplo alisema niandike kweli.

Tarehe 29 Septemba, Jumamosi, saa sita mchana, mzee Bundi aliniita. Rahema alikuwa amemweleza yote, kwa kuwa alishindwa kula. Nilitazamia bakora. Mzee hakuinua hata sauti.

"Mwana wa Mukiri, umenihesabia."

"Mzee, ni ya serikali tu. Namba haina meno."

"Haina meno? Basi wewe uliyehesabu ndiwe utakayeivunja. Sitakwenda kwa Mzungu nikiwa nimehesabiwa. Mwanangu atakaa, na wewe utakuwa umemkalisha."

Alitaka nini? Alitaka mbuzi wanne waondoke bomani, wakae kwa rafiki yake Muthamia wa Kibirichia, ili ile tisa niliyoisema isiwe tisa tena. Hii nayo ni desturi. Kila mzee ana mbuzi kwa rafiki, na rafiki ana mbuzi kwake, na hakuna anayemtaja mwenzake. Nilimwambia mzee haya ni mambo ya kale. Akaniuliza, "Tumbo lako liko salama tangu ile Ijumaa?" Halikuwa salama. Sijui alijuaje. Namshuku fundi cherehani, maana kila ninachofanya kwenye kibaraza kile hujulikana kabla sijamaliza.

Jumapili tarehe 30 Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, niliwachukua mbuzi wanne pale malishoni, majike watupu, nikawapeleka Kibirichia kwa miguu. Sikuwa na kibali cha kuhamisha mifugo. Najua sheria, nimewajazia wengine fomu hiyo hiyo mara nyingi. Lakini nani angenipa Jumapili? Nilimwambia homgadi wa njiani kwamba mbuzi ni wa padri. Akapiga ishara ya msalaba, nikapita.

Kati ya wale wanne alikuwamo mama wa yule mtoto mwenye goti jeusi. Mtoto alibaki, kwa kuwa mwendo ungemshinda. Mama alilia njia nzima, akigeuka nyuma. Muthamia aliwapokea saa saba mchana katikati ya viazi vyake. Hakuuliza wa nani. Alinipa viazi vya kuchoma akasema, "Mimi sijakuona, na wewe hujafika."

Tarehe 2 Oktoba, saa nne asubuhi, usaili ulifanyika. Nilikuwa nje chini ya dirisha, nasikiliza kazi yangu. Barua ilisema tisa. Rahema aliingia akasema tisa, na hakutema mate. Kisha akaingia mzee Bundi. Bwana Shauri aliuliza, karani akatafsiri, na mzee akajibu kwa sauti kubwa na safi, "Watano."

Alisema hivyo bila wasiwasi. Zamani watano ilikuwa adabu, na tangu Jumapili imekuwa kweli pia.

Bwana Shauri alituma askari Kaathi kwa gari. Saa nane walirudi: watano. Nikamsikia akisema na karani akirudia, "Tisa walilipwa, watano wapo. Wanne wameliwa na nani?" Mzee hakumtaja mtu. Angesemaje? Kumtaja Muthamia ni kuvunja urafiki wa miaka arobaini. Kunitaja mimi, sijui kwa nini hakunitaja. Walimfunga pingu. Rahema alinyang'anywa kitabu cha pasi na kibali chake cha Tanganyika. Aliniona dirishani. Mimi niliinama nikafunga kamba za viatu.

Kwa siku saba sikuja hapa. Nilijiambia watamwachilia tu. Nilijiambia pia labda Muthamia ni mtu wa msituni, labda mimi ndiye niliyepeleka nyama yao, labda Bundi alinitumia. Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku hata mtoto wa mbuzi, maana wanasema hajaacha kulia tangu ile Jumapili.

Jana, Jumatatu, saa tisa alasiri, Rahema alikuja kwenye meza yangu. Nilishika rula nikidhani atanipiga. Aliketi kile kiti cha wateja, akakunja mikono kama nilivyomfundisha, akasema, "Mwalimu, nifundishe tena. Wanauliza wanne wako wapi. Niseme nini?"

Niliweka rula chini, nikafunga meza. Ndiyo maana nimekuja.

Naomba Koplo asikie vizuri. Ukienda Kibirichia na kumuuliza Muthamia kama ana mbuzi wa Bundi, atakataa. Atakataa hata ukimpiga, na hapo mtasema nimesema uongo. Atasema mikato ya masikio ameikata mwenyewe. Basi mchukueni yule mtoto mwenye goti jeusi. Mwekeni chini mbele ya boma la Muthamia mkae kimya. Mama yake atajibu mwenyewe, na yeye hana rafiki wa kumficha. Mimi nitakuja kuwaonyesha njia. Najua nikifika huko sirudi kwenye meza yangu bali kwenye selo yenu. Naomba tu kalamu yangu asiishike fundi cherehani.

Mzee hakulisha mtu wa msituni. Rahema ni mke wa mtu na mume wake anamngoja Moshi. Aliyehesabu ni mimi, aliyeandika ni mimi, aliyehamisha ni mimi. Nimeyaandika haya bila kupigwa, ingawa Koplo amekuwa akichezea mkanda wake, na nimeyasoma tena mara mbili nisikute kosa.

Sahihi: Salesio Mukiri (kwa wino, si kwa dole gumba)

MAANDISHI YA AFISA

Tarehe 10 Oktoba nilikwenda Kibirichia pamoja na shahidi, askari mmoja, na mtoto wa mbuzi. Muthamia alikana kumjua Bundi, kumjua shahidi, na kuwa na mbuzi wa mtu. Mtoto aliwekwa chini saa tano na dakika kumi. Jike mmoja aliruka uzio. Wengine wenye mkato wa sikio la kushoto walikutwa nyuma ya ghala la viazi, wote waliotajwa na shahidi.

Bundi ameachiliwa leo, tarehe 11. Aliniuliza kama niliwahesabu. Nilimjibu kwamba wapo.

Salesio Mukiri yuko mahabusu kwa kosa la kuhamisha mifugo bila kibali na kumdanganya homgadi kwa jina la padri.

Rahema amerudishiwa karatasi zake. Bwana Shauri atamsaili upya tarehe 16, na ameagiza barua mpya ya baba, iandikwe mbele ya polisi. Nimeiandika mimi. Penye idadi nimeandika: "Mahari imefika, baba ameridhika, mbuzi wameonwa na Koplo." Bundi ametia dole gumba baada ya kuomba asomewe mara tatu.

Shahidi ameiomba barua hiyo kupitia dirisha la selo, akaisoma, akasema mwandiko wangu ni mbaya lakini hakuna cha kuongeza.

Koplo Njura