Walii wa Sitara na Sinema ya Magari

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Machi, 1982

Mpendwa mdogo wangu Bakili,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe, Sofia na watoto mko wazima huko Tabora, na kile kifua kilichokusumbua kimetulia. Sisi hapa hatujambo, ila mguu wangu unavimba nikisimama sana kwenye foleni ya sabuni, na siku hizi foleni ndiyo kazi yenyewe.

Barua yako imefika. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kuchambua mchele ili hasira zipungue. Mchele umekwisha, hasira bado zipo.

Umekataa kumwoza Sitara kwa Shaibu, yule kijana wa Msimbazi, eti kwa sababu rafiki yako Fikirini amekuambia walijuana gizani kule kwenye sinema ya magari. Ukanipa na methali juu yake, lisemwalo lipo. Bakili, tangu kaka yetu Awadhi atutoke, wewe ndiye walii wa binti yake. Bila neno lako hakuna ndoa. Basi neno hilo lisitoke kinywani mwa Fikirini, ambaye hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja, na picha zote alisimuliwa na sisi barazani.

Kama Tabora imekusahaulisha, acha nikukumbushe. Jumamosi, marehemu Awadhi akishashusha vitunguu sokoni, lori lilifagiliwa na mikeka ikatandikwa. Tulipanda wote, mama yetu, mashangazi, watoto na majirani, na sufuria la ubwabwa katikati. Tulipita Buguruni tukiimba mpaka uwanjani kule njia ya Pugu. Mlinzi alitupeleka safu ya mwisho, maana lori letu liliwaziba wenye vigari vidogo. Awadhi alirudi kinyumenyume, ubao wa nyuma ukafunguliwa, spika ikatundikwa kwenye msumari, na picha ya Kihindi ikaanza. Mama hakujua neno hata moja la Kihindi, lakini alianza kulia kabla ya waigizaji wenyewe. Mpaka leo nikinusa vitunguu nazikumbuka zile nyimbo.

Sasa niambie, giza gani hilo la Fikirini? Kijana aliyetaka hata kujua jina la binti yetu alikuja kwanza kwenye lori, akamwamkia mama mbele ya kadamnasi, akaulizwa ni mtoto wa nani na anaswali msikiti gani. Ndivyo alivyofanya Shaibu, tena alifuatana na mama yake mzazi, mkononi ana kifuko cha karanga. Mama alimhoji mpaka watu wa gari la jirani wakaacha kutazama picha wakawa wanatutazama sisi. Kisha akampakulia ubwabwa. Muda wote huo Sitara alikuwa ubavuni kwangu, hakuinua kichwa.

Na wewe Sofia ulimpata wapi? Kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa? Ulishuka kwenye lori lile lile ukaenda kwenye gari la baba yake na korosho zako, ukaamkia mpaka sauti ikakukauka, tukakucheka wiki nzima. Hakuna aliyekuita mhuni. Kweli nyani haoni kundule.

Siku hizi pale hakuna kitu. Petroli ilipoadimika na magari kukatazwa kutembea Jumapili alasiri, watu walipungua, wenyewe wakafunga. Mabati ya ile skrini yameng'olewa, nguzo za spika zimekatwa, na uwanja umejaa nyasi na magari mabovu. Nilipita mwezi uliopita nikienda mazikoni, roho ikaniuma. Mahali pamekufa, nanyi mnapatukana kana kwamba na sisi tuliokuwapo tumekufa. Mimi nipo, na mama yake Shaibu yupo. Ukitaka ushahidi uliza huku, si kwa Fikirini.

Nilikwenda kwa sheikh wetu. Ameniambia walii akikataa bila sababu ya sheria, yeye sheikh anaweza kumwoza binti. Nilirudi nyumbani mbio, mguu na uvimbe wake, nikidhani nitamfurahisha Sitara. Alikuwa anafua. Akanijibu, "Shangazi, mimi sheikh simtaki. Baba kafa, baba mdogo yupo. Asipokuja yeye, siolewi." Akaendelea kufua.

Nimekaa nalo neno hilo siku kadhaa. Huyo unayemwita binti wa gizani ndiye peke yake anayekataa watu waseme kwamba uliwekwa kando kwenye ndoa ya mtoto wa kaka yako. Mimi ningekuweka kando bila kusita.

Msomee Sofia barua hii yote bila kuruka. Jirani yetu Mama Hyasinta anawasalimu, na mashangazi wanauliza habari za watoto. Mungu akulainishie moyo, akupe afya, akufikishe kwetu salama.

Wakwe nimekwisha kuwaambia kwamba walii atapanda treni na ndoa itafungwa kabla ya mfungo. Sitara alinisikia nikiwaambia, na tangu hapo kila asubuhi anafagia chumba cha baba yake ili ukija ulale humo.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Kijakazi