Droo Zako, Baba, na Rangi ya Deo

Baba,

Maharage ya mvua hizi yameshika vizuri kule nyumbani Kirushya, na migomba uliyoipanda nyuma ya nyumba imezaa. Mama huzunguka humo kila asubuhi kama mtu aliyepoteza kitu. Nakuandikia nikiwa dukani Kabanga, mchana, na hakuna mteja. Wakimbizi wengi wamerudishwa kwao, magari ya mashirika yamepungua, na barabara uliyokuwa ukiilalamikia kwa vumbi na honi sasa imenyamaza.

Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia haya, nisingekusumbua.

Unakumbuka watu walipoanza kumiminika kutoka ng'ambo ya mpaka? Kila mtu alitaka kitu: jembe, panga, kamba, misumari ya kushikiza maturubai. Ni siku hizo hizo nilipogundua kwamba macho yako yanakuacha. Mtu aliomba misumari ya inchi tatu, ukampa ya inchi nne, ukasema imechanganyika. Nilikuwa nimeandika kwa chaki kwenye kila droo kilichomo ndani, lakini wewe ulivuta moja baada ya nyingine huku unapiga mluzi, watu wasijue kwamba unatafuta.

Jumapili moja baada ya misa nilibaki dukani peke yangu. Kwenye uso wa kila droo nikafunga sampuli ya kilichomo: bawaba kwenye droo ya bawaba, komeo kwenye droo ya makomeo, tupa, patasi, bisibisi. Misumari niliikunja kwa nyundo ikalala juu ya mbao, kila droo na saizi yake. Kesho yake ulipapasa ile ya kwanza, ukauliza, "Skola, hii ni nini?"

"Ni kwa ajili ya wateja, Baba. Asiyejua jina la kitu aoneshe kwa kidole."

"Warundi hawa tunaelewana nao vizuri."

"Kuna wazungu. Kuna madereva wa kutoka mbali."

Mkono wako ulibaki juu ya bawaba. Kisha ukasema, "Ni kweli. Wazungu hawajui bawaba."

Hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku ile vidole vyako vilitembea juu ya zile droo bila kusita, hata huku unabishana na mteja. Melkiori, yule seremala wa kambini aliyekuwa akinunua skrubu za viti vyake, alisema hata kwao Burundi, Muyinga nzima, hakuona duka lenye mpangilio kama huo. Usiku ule ulilirudia neno lake mpaka Mama akakwambia ule kwanza, chakula kinapoa. Nilikuwa sijakuona ukicheka vile kwa muda mrefu.

Kaka Deo hakujua lolote. Alikuwa dereva wa shirika huko kambini, na akija nyumbani hakai. Siku hizo ulijitahidi kuliko zote. Ulimgeukia pale sauti yake ilipotoka, ukamuuliza habari za gari, akaondoka akiamini baba yake mzima. Mama alijua. Mimi nilijua. Sote tulikusaidia kumficha, kwa sababu ndivyo ulivyotaka, ingawa hukusema.

Nilipompeleka Mama hospitali, Deo aliomba ruhusa kazini akaja kukusaidia dukani. Alipata rangi ya kijani iliyobaki kazini, akataka kukufurahisha. Siku ya Jumapili, wewe ukiwa Kirushya, alizing'oa sampuli zote, akapaka droo rangi, ilipokauka akazirudisha sampuli kwa jinsi ilivyompendeza: kubwa juu, ndogo chini. Alidhani ni mapambo ya duka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Melkiori. Duka lilikuwa limejaa. Mtu aliomba makomeo, ukampa boksi la bawaba. Mwingine aliomba skrubu, ukamshikisha pakiti ya nati. Ukapapasa tena, ukavuta droo nyingine, na nyingine, mluzi ukakatika. Dereva mmoja akacheka, "Jamani, mzee huyu haoni!" Deo akamkemea, akasema baba yake amechoka tu. Wewe ukasema, "Naona." Ukasema tena, "Naona." Kisha ukaweka funguo juu ya kaunta, ukatoka ukishika ukuta.

Niliporudi nilizirudisha sampuli zote mahali pake. Nikaja mbio Kirushya kukwambia. Ulikuwa umekaa karibu na moto, ukasema, "Basi, mwanangu. Wameshajua."

Hukurudi tena dukani. Uliacha kula, ukawa unalala hata mchana, na malaria ilipokuja ilimkuta mtu asiyetaka kupigana.

Baada ya mazishi Deo alikuja hapa dukani na msasa. Alisugua ile rangi ya kijani droo moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikachubuka. Nilimwambia aache. Akasema, "Rangi hii ndiyo iliyomkasirisha. Baba amekufa ananichukia."

Sikuweza kuendelea kumtazama. Nikamwambia, "Haikuwa rangi, Kaka. Baba alikuwa haoni."

Aliacha kusugua. "Yule dereva alisema kweli?"

"Kweli."

"Na siku ile aliyokufa?"

Sikuelewa anauliza nini. Ndipo akanieleza. Mchana ule alifika kutoka kambini, gari akaliacha kule barabarani kwa sababu ya tope. Akasimama kwenye mlango wa chumba chako. Machozi yalimkaba, neno halikutoka. Wewe ukainua kichwa, ukamtazama usoni, kisha ukageukia ukutani. Akajua umemkataa. Akatoka, akasimama kwenye migomba mpaka aliposikia kilio cha Mama.

"Kwa hiyo hakuniona?" akaniuliza.

Baba, nilishindwa kumjibu. Angetamka shikamoo tu. Ungeitikia, ungemwita karibu, ungeutafuta mkono wake. Asubuhi ile ile ulikuwa umeniuliza mara kwa mara kama nasikia gari, nami sikumwambia Deo hilo.

Hakunipigia kelele. Aliweka msasa chini, akasema, "Wote mlijua. Mgeni nilikuwa mimi." Kesho yake akapanda basi. Wanasema anaendesha lori la mchanga huko Biharamulo. Salamu hazitumi. Basi likisimama Kirushya Mama hutoka nje kuangalia nani anashuka, halafu hurudi ndani. Nilikuzika, Baba, nikadhani msiba umekwisha.

Siombi unijibu. Nilitaka tu ujue kwamba mwanao alikuwa pale mlangoni. Alikuja, Baba.

Pumzika sasa. Wiki ijayo nafunga duka nakwenda Biharamulo kumtafuta. Nakuahidi nitamwambia kwamba ulikuwa unalisubiri gari lake. Huenda neno hilo likamponya, huenda likamuumiza zaidi, sijui. Lakini nikimwona, hata akinipa mgongo, hata kama machozi yatanikaba, nitamwamkia kwa sauti.

Mwanao,
Skola