Mistari Niliyomwongezea Mzee Liberatus

Jumapili, 1 Juni 2025

Baridi ya leo imezidi. Vidole vinagoma kushika kalamu. Lakini nikikaa bila kuandika sitalala.

Kesho Goodness anaanza redioni! Redio ya hapahapa Iringa mjini. Bosi wake, Dastan, amempa majaribio. Jumatatu tatu, dakika tano tano, asome maisha ya watu waliofanya jambo la maana huku kwetu. Mmoja wa zamani, mmoja mzee aliye hai, mmoja wa siku hizi. Akifanya vizuri anaajiriwa. Akiharibu — siandiki.

Miaka miwili tangu amalize chuo ananisaidia kupanga nyanya kibandani kwangu hapa Kihesa. Si kazi mbaya. Ila sikumsomesha aje apange nyanya.

Jioni kaniambia, Mama, niazime kopo lako. Kopo la biskuti ninamotunza karatasi za mazishi, zile zenye picha ya marehemu na historia yake fupi. Mimi niliishia darasa la tano, vitabu sina, lakini hizo nazisoma mpaka nazijua kwa moyo. Walimu, wakunga, fundi saa, shemasi. Anataka aone wanavyoandika. Anacheka, eti maktaba ya makaburini. Acheke.

Ya juu kabisa ni ya baba yake. Mistari sita. Mtu wa miaka arobaini na nane, mistari sita! Aliyeandika alichoka mapema.

Jumatatu, 2 Juni

Amesoma! Hakutetemeka hata kidogo — nilitetemeka mimi. Nimemwaga sado nzima ya nyanya.

Alimsoma Bi Rukia wa Mbeya, marehemu wa siku nyingi. Alikuwa na mgahawa wa madereva wa malori, enzi za mkoloni. Mjukuu wake Ahmadi ndiye kasimulia. Madereva walikuwa wanamwachia barua awape ndugu zao wakipita. Bibi wa watu hajui hata herufi moja! Kila barua akaifunga uzi wa rangi yake na fundo lake, ajue ni ya nani. Miaka ishirini, hata barua moja haikupotea.

Mwisho Goodness akafunga vizuri, kama karatasi zangu. Ameacha watoto wanne, wajukuu, vitukuu, apumzike kwa amani. Mama Adamu wa duka la pembeni alifuta machozi. Nikamwambia, unamsikia, ni mwanangu huyo. Akasema, najua, Mama Goodness, umeshaniambia mara nne.

Alhamisi, 5 Juni

Tumetoka Mafinga, miguu imevimba. Goodness alisema anaweza kwenda peke yake. Nikasema haya, nitakaa kimya. Sikukaa.

Mzee Liberatus ana miaka themanini na mbili. Fundi wa madawati ya shule. Tulimkuta karakanani anapiga randa, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. "Kamwene!" katusalimia Kihehe — sauti kama ya kijana. Katengeneza madawati tangu miaka ya sitini. Alihesabu mpaka elfu tisa, akaacha. Mke wake Apolonia alidakia, eti kakalisha mkoa mzima, nyumbani kwake wageni wanakalia ndoo. Kweli, mimi nilikalia ndoo.

Halafu akatuonyesha. Kila dawati, chini ya ubao, anachoma nyota ndogo kwa msumari wa moto.

Ile nyota naijua! Darasa la tano, hesabu zikinishinda, nilikuwa naipapasa kwa kidole huko chini. Nilidhani kachora mtoto mwenzangu. Nikamwambia mzee. Kapangusa nyusi, kasema, "Miaka sitini nachoma, wewe ndiye wa kwanza kuniambia umeigusa."

Njiani Goodness kaniminya mkono. Kasema, Mama, leo umenisaidia.

Jumapili, 8 Juni

Umeme umekatika tangu mchana. Goodness kaandika ya Mzee Liberatus kwa mkono, mwandiko wa kuku. Kaniomba nimnakilie vizuri, kwa sababu mwandiko wangu haujawahi kunitia aibu. Yeye kalala mapema, kesho asubuhi yuko hewani.

Nimenakili. Imekaa vizuri, na ile nyota ipo! Lakini mwisho wake — "Mpaka leo yuko karakanani." Basi. Kama mtu kukufungia mlango usoni. Nikakumbuka mistari sita ya mume wangu. Hapana. Mzee wa watu asiishie hivyo. Nimemfungia mimi, kama inavyofungwa: ameacha mke, watoto sita, wajukuu kumi na tisa, tutamkumbuka daima, apumzike kwa amani. Nimepiga na mstari chini.

Atashangaa mwenyewe kesho.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikuwa nasikiliza nimefumba macho. Lilivyosomwa lile neno la mwisho nikaona, ee, sasa imekamilika. Ghafla wimbo. Nikajiuliza, wimbo wa nini?

Mama Adamu katoka dukani kwake ameshika mdomo. "Jamani! Mzee amefariki lini? Si ulisema Alhamisi kakupa chai?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mungu wangu.

Jumanne, 10 Juni

Goodness yuko nyumbani. Dastan kamwambia akae kwanza. Hajanipigia kelele. Heri angenipigia.

Kasema hivi: ilikuwa mara yake ya pili tu hewani, macho yalikuwa kwenye karatasi, mdomo ukatangulia. Aliposikia alichosema ilikuwa imeshatoka.

Nikamuuliza, umemwambia bosi ni mimi? Kasema hapana. Kasema ni yeye kakosea.

Apolonia alipiga simu mchana. Mafinga nzima imesikia. Jana kabla ya saa nne akina mama wa jumuiya wameshafika na unga na kuni. Vijana wanafunga turubai. Kwaya imeanza. Mzee anatokea karakanani na randa mkononi, anauliza, "Nani amefariki?" Mama mmoja katupa ungo, kakimbia mpaka barabarani. Hajarudi kuchukua ungo.

Nilitaka kucheka. Nikalia.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda redioni mwenyewe. Nimevaa kitenge cha ibada. Nimebeba na nyanya za Ilula, zile ngumu nzuri.

Dastan ni kijana mdogo kuliko sauti yake. Nikamwambia mistari ile niliandika mimi, mtoto hana kosa. Nikamtolea na karatasi ya mume wangu aone sababu. Kaisoma yote, si ndefu. Kanirudishia. Halafu kasema, "Mama, nyanya nitachukua. Lakini nimemuua mzee wa watu hewani."

Sharti lake ni moja. Mzee Liberatus mwenyewe akubali kuja Jumatatu, akae studio na Goodness, laivu, watu wamsikie anapumua. Akikataa, Goodness basi. Akikubali, Dastan atasikiliza ndipo aamue. Hakuahidi.

Jioni nimemwambia Goodness nilikokwenda. Kanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Ijumaa, 13 Juni

Mafinga tena. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha. Kufika pale yote yamepotea. Nikapiga magoti kwenye unga wa mbao.

Mzee hakuniambia niinuke. Aliendelea na randa. Shwaa, shwaa. Kasema, "Umenizika nikiwa na kazi ya watu mkononi." Nikasema nisamehe baba yangu. Kasema, "Wajukuu kumi na tisa? Ni ishirini na mmoja. Kunizika umenizika, na hesabu umekosea." Apolonia nyuma yake anajiziba mdomo kwa khanga.

Ndipo nikamwona mzee mwingine kakaa kwenye ndoo, anakunywa chai. Ni Gerson, mdogo wake wa Mbeya. Hawajasemezana miaka kumi na moja, ugomvi wa mpaka wa shamba la baba yao. Alisikia habari kwa simu, kapanda basi la kwanza. Kafika Jumatatu jioni analia tangu getini, hakuna aliyewahi kumwambia kaka yake yu hai. Kamkuta marehemu anakula ugali. Ugali wa unga wa msiba!

Mpaka leo hajaondoka. Wanatengeneza dawati wote wawili, wanagombana kuhusu misumari.

Nikamwomba mzee kuhusu Jumatatu. Kaangalia mkono wake, kamwangalia Gerson. Kasema, "Nitakuja. Ila binti yako asome tena ileile, tangu mwanzo. Nilikuwa sijaisikia, nilikuwa karakanani. Watu wote wamesikia maisha yangu isipokuwa mimi."

Jumatatu, 16 Juni

Naandika hapahapa kibandani, daftari juu ya kreti. Mama Adamu kaleta redio yake kubwa. Wateja wamesimama, hawanunui, wanasikiliza.

Mzee yuko studio na Gerson. Safari hii Goodness kajinakilia mwenyewe. Mimi sijaigusa hata kalamu yake! Nilimuuliza jana atafungaje, kasema, Mama, hata mimi sijui.

Sasa anasoma. Madawati elfu tisa. Sauti imetulia. Msumari wa moto. Nyota — kasema kuna mama mmoja muuza nyanya wa Kihesa aliyeipapasa akiwa darasa la tano. Mama Adamu kanigonga na kiwiko. Mimi naangalia chini.

Anaendelea. Mpaka leo yuko karakanani.

Amefika pale. Pale penye mistari yangu.

Kimya.

Kimya kirefu. Redio imekatika? Hapana, taa inawaka. Goodness, mwanangu, sema kitu —

Ni mzee. Anacheka! Anasema, "Usifunge, binti. Acha wazi hapo. Gerson, sogea kwenye hiki chuma cha kusemea, uwaambie dawati letu la kesho ni la shule gani."