Asilimia Sabini

Jumamosi, 13 Januari

Taa mpya ya tangi langu la matumbawe imefika! Ya LED, nyembamba, yote inaendeshwa kwa simu. Ile ya zamani ya mirija nimeishusha stoo bila hata kuiaga.

Sasa iwake kwa asilimia ngapi? Karatasi ya ndani ya boksi ina lugha kumi na haina jibu. Mtandaoni mmoja anasema thelathini, kisha upandishe polepole mwezi mzima. Mwingine anasema mia, matumbawe ni watoto wa jua, acheni uoga. Nimeweka sabini. Kwa nini sabini? Sijui. Ilionekana namba ya mtu mwenye akili timamu.

Marlys kapita na kapu la nguo, kakinga macho. Eti mume wangu, umenunua taa au umefungua uwanja wa ndege?

Jumatano, 17 Januari

Mkutano wa klabu yetu ya wafuga matumbawe, kwenye chumba cha chini ya kanisa, na kahawa ileile kama maji ya kuoshea kikombe. Nikauliza habari ya taa – kosa! Kila mtu ana namba yake na kila mtu kachukizwa na ya mwenzake. Kipima mwanga ni kimoja tu, mali ya klabu, kinazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yangu mwisho wa Februari.

Mzee Arvid alinivuta kando tukivaa makoti. Anza chini, Curtis. Mwanga ni kama chumvi, ukizidisha utaitoaje? Nikaitikia, sawa mzee, sawa mzee.

Nimerudi nyumbani jioni, saa ambayo taa hujigeuza bluu. Tumbawe alilonipa yeye mwenyewe, miaka minne sasa, linawaka kijani na waridi kuliko wakati wowote. Ati nilishushie mwanga! Nimeacha palepale.

Jumapili, 21 Januari

Theluji haijui Jumapili. Nimeendesha gari la kusukuma theluji tangu alfajiri, mgongo haufai. Natoka giza, narudi giza. Mchana taa inawaka nyeupe na mimi sipo. Jioni inageuka bluu, ndiyo naliona tangi. Na linavyong'aa! Nimetuma picha kwa klabu. Sifa tele. Dale wa klabuni ameomba kijitawi, kwa mara ya tano sijui ya sita. Nimemwambia asubiri likue.

Marlys anafanya kazi nyumbani. Anasema mchana tumbawe limepauka. Nikamwambia ni macho yake. Karudi kwenye kompyuta yake.

Alhamisi, 25 Januari

Mvua ya barafu tangu juzi. Nyaya zimekatika upande wote wa mlimani, kwa Arvid hakuna umeme. Sisi tunao. Nimekuwa barabarani, sikuweza hata kumpelekea jenereta.

Amenipigia leo. Alilifunika tangi lake kwa mablanketi, akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akajaza chupa na kuzitumbukiza humo. Bure. Kila kitu kimekufa. Nikasema pole, pole, pole.

Ndipo akacheka! Akasema si neno, lipo lako. Ndiyo maana tunagawiana vipande, lako likifa unarudi kwa uliyempa. Nitakuja unikatie tawi.

Tumbawe lile alilichagua mkewe, Inga, enzi wakiwa na tangi moja dogo. Sasa Inga yuko kwenye nyumba ya wazee na hamkumbuki Arvid vizuri, anamwita yule bwana. Ila tumbawe analikumbuka. Kila siku anauliza, langu halijambo? Na Arvid, tangu umeme ukatike, anamjibu halijambo.

Kipande ambacho Arvid alimpa Dale kilikufa zamani. Vingine vimehama na watu, havijulikani vilipo. Limebaki langu.

Ijumaa, 26 Januari

Nimepewa mapumziko. Nimelala hadi saa nne asubuhi, nikashuka sebuleni kwa soksi.

Jeupe. Mungu wangu. Jeupe kama mfupa uliotafunwa! Chini kabisa, upande wa kivuli, kuna rangi kidogo ya kahawia. Kidogo mno. Kule kung'aa kote chini ya bluu nilikokuwa napigia picha – lilikuwa linaungua.

Nikashusha hadi thelathini. Nikaogopa litakufa kwa giza, nikapandisha arobaini. Nikashusha ishirini na tano. Marlys kaniondolea simu mkononi, akaiweka juu ya friji. Hakuniambia, si nilikuambia? Heri angeniambia.

Jumapili, 28 Januari

Kaulize watu mia mtandaoni. Mmoja: lilishe. Mwingine: usiliguse. Mwingine: kata linaloishi haraka. Mwingine: ukikata unalimaliza.

Dale kaniachia zamu yake ya kipima mwanga, kakileta mwenyewe. Hakulitazama tangi, nilimkalisha jikoni. Nimepima. Kwa sabini nilikuwa nalipiga mwanga zaidi ya mara mbili ya unaolifaa. Basi, namba nimeipata! Nimekaa nayo kama mtu aliyepata ufunguo nyumba ikiwa imeshateketea.

Jumanne, 30 Januari

Sikumpigia Arvid. Jana nilishika simu, nikaiweka. Leo asubuhi vilevile.

Jioni hii amefika. Kabeba boksi la barafu alilojaza maji ya uvuguvugu, kalikumbatia ndani ya koti lisipoe. Nilimwona dirishani akipanda ngazi kwa uangalifu, mguu mmoja mmoja. Kabla hajabisha hodi nikabonyeza bluu, weupe usionekane.

Marlys aliniona. Akasema, Curtis, mimi simo. Akapanda juu.

Naandika jikoni. Nimesema naja kutengeneza kahawa. Arvid yuko sebuleni mbele ya tangi, koti hajavua. Kampigia Inga kwa video, namsikia kupitia ukuta. Tazama, Inga. Si nilikwambia halijambo? Tazama linavyong'aa! Na Inga anacheka. Anacheka kabisa, kicheko cha msichana. Anasema, langu hilo, langu, bwana usilivunje. Arvid anasema, sivunji, mama, nakuletea.

Kahawa imechemka hadi imemwagika. Sijaifuta.

Sasa ameniita. Curtis! Washa nyeupe basi mwanangu, nione pa kukata.

Nimemjibu subiri kidogo mzee, natafuta koleo la kukatia.

Koleo liko hapa mezani, karibu na kalamu.