Afoyo Anachezewa Dansi

Jumanne, 6 Machi 1979
Nimesahihisha madaftari ya darasa la pili. Bomba kavu tena. Nikirudi na ndoo kutoka kwenye chemchemi, nikapita buvette ya karibu na soko, pale wanapouza bia. Plaki mpya ilikuwa inapigwa kwenye gramafoni. Nikasimama. Ni wimbo wangu. Wimbo niliomtungia mtoto wangu Afoyo mwaka jana, siku ya matanga yake. Mahadhi ni yaleyale, na jina la Afoyo limo. Watu walikuwa wanacheza, chupa mkononi.

Jumatano, 7 Machi
Mwenye buvette amenionyesha karatasi ya plaki. Mtunzi na mwimbaji: Udaga. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyekaa nyuma yangu matangani akinifuata na gitaa. Nilimshukuru siku ile. Baadaye akaenda Kisangani, akaingia orchestre, bendi ya dansi.
Afoyo wa plaki ni mwanamke aliyemkimbia bwana. Afoyo wangu alikuwa na miaka minne.
Nina hasira.

Jumamosi, 10 Machi
Nimemwambia mume wangu. Kumbe anajua tangu zamani. Anajivuna, jina la familia linasikika.
“Iko ndugu yangu,” akasema. “Unataka nimupeleke tribinale juu ya wimbo?”
Sitaki kesi ya tribinale. Nataka waache kumchezea dansi mtoto wangu. Akavaa shati, akatoka.

Jumatatu, 12 Machi
Baada ya masomo nimeenda ofisi ya zone, kwa serikali, kuuliza kama wanaweza kuuzuia wimbo. Karani alikuwa na adabu. Sheria iko, alisema, mtunzi iko na haki yake. Lakini nani atashuhudia kama ni mimi niliyeanza? Nilete watu wawili wa matangani.
Matangani walikuwa ndugu wa mume wangu, na wanakwaya wenzangu wa kanisani.

Jumatano, 14 Machi
Nyamusi wa kwaya aliosha maiti ya Afoyo pamoja nami. Nikamwomba awe shahidi. Alilia kwanza.
“Siwezi kupinga familia ya bwana yako mbele ya wakubwa. Kesho mutapatana, miye nitabaki adui.” Kisha akasema wimbo ni wa wote, siku ile wote tuliitikia.
Kweli, waliitikia. Mama mmoja wa upande wa Gety alipofiwa aliniomba wimbo huu. Nilimfundisha mstari kwa mstari, kwa moyo wote. Yule aliomba. Yule alikuwa analia.
Shahidi sina hata mmoja. Ofisini sirudi.

Ijumaa, 30 Machi
Udaga amefika hapa Bunia na orchestre yake. Alikuja nyumbani, viatu vinang'aa, ameniletea kitenge.
“Shemeji, wimbo ilikuwa itakufa hapa tu. Siye tumeifikisha mbali.”
Nilimwomba jambo moja. Atoe jina la mtoto.
“Plaki imeisha toka, shemeji. Itatolewa namna gani?”
Nilingoja aone haya. Hakuona. Alinitazama kama mtu anavyotazama mgonjwa. Mume wangu akamsindikiza, wanacheka njiani. Kitenge kimebaki kwenye kiti. Sikigusi.

Jumapili, 1 Aprili
Kilio kwa jirani. Mama yao mzee amekufa. Wakaniomba niimbe. Nikaanza wimbo wa Afoyo, kwa kuwa ndio nilio nao. Huko nyuma wanawake wakaanza kutikisa mabega kama kwenye dansi. Msichana mmoja akamwambia mwenzake, “Mwalimu anaimba ile ya Udaga.” Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyojua.
Nikanyamaza katikati ya mstari. Wengine wakaumalizia, kwa maneno ya plaki.
Nyamusi alikuwa amekaa karibu nami. Alitazama chini.

Jumanne, 3 Aprili
Mkuu wa kwaya anataka wimbo mpya kwa Pasaka. Nimekataa. Ameuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 12 Aprili
Shule imefungwa. Mvua ilinyesha jana, udongo ni laini. Nilienda makaburini na jembe, peke yangu. Majani yalikuwa yamepanda mpaka kwenye msalaba. Nikapalilia.
Sikuimba. Nilijaribu kukumbuka Afoyo alivyokuwa akiniita kutoka uani, sauti yake mwenyewe. Kilichokuja ni sauti ya Udaga kwenye plaki.
Nikaendelea kupalilia mpaka kwenye kaburi la pili, la watu nisiowajua. Kisha nikanawa mikono, nikarudi nyumbani kupika.