Oili Iliyopungua Njiani Kutoka kwa Maduhu

Baba yangu mpendwa,

Nimenunua skuta. Najua swali lako la kwanza lingekuwa nani kaniuzia, la pili ni mtoto wa nani, na la tatu kama nimepima oili. Nimepima. Nilipima dukani muuzaji akiwa anaandika risiti, na nikapima tena nilipofika nyumbani Mhunze, kabla hata sijavua kofia. Dukani oili ilikuwa kwenye mstari wa juu. Nyumbani ilikuwa chini ya mstari wa chini. Nikakaa kizingitini nikacheka peke yangu, maana nilikusikia kabisa ukisema, "Si nilikwambia?"

Uliniambia tangu nikiwa darasa la sita. Kila Jumamosi asubuhi uliiegesha ile pikipiki yako nyekundu kwenye stendi ya pembeni, karibu na ukuta, ukaniita. "Minza, lete kitambaa." Unafungua kifuniko, unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha bila kukikaza, unakichomoa tena. Kisha unanipa mimi nisome, kama vile hata macho yako mwenyewe ulikuwa huyaamini. Mkono mmoja ulikuwa kwenye siti na mguu wa kulia umeuinua kidogo, kisigino hakigusi chini.

Nyonga ile uliiumiza Bugarama, kiangazi kile ulipokwenda kuchimba dhahabu ukateleza kwenye ngazi ya duara, lile shimo la wachimbaji. Sijui mashimo yenyewe yana kina gani, ila najua ulichorudi nacho: kiroba cha mawe ambayo hayakuwa na kitu, na tabia ya kutazama mikono ya watu. Ulisema kule mwenzako akikushikia kamba, unaitazama kamba halafu unamtazama na yeye. Nyonga ukasema imepona. Ulimwambia mama hivyo, ukawaambia wenzako hivyo. Mimi nilikuwa nakuona alfajiri ukishika ukuta ili usimame, nikanyamaza, maana hukuwa mtu wa kupewa pole.

Mtu mmoja tu hukumtazama mikono, naye ni Maduhu. Fundi Maduhu wa kibanda cha bati pale njia panda, uliyelima naye pamba shamba kwa shamba na kuazimana maksai. Nilimwita baba mdogo na sikujua kama si ndugu yetu mpaka nilipokuwa mkubwa. Pikipiki ile hakuigusa fundi mwingine.

Halafu oili ikaanza kupungua. Unatoka kwa Maduhu imejaa, unafika nyumbani unapima, haipo. Safari ya kwanza uliongeza. Ya pili ukaongeza. Ya tatu ukaniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako," na nikajua unamsema nani. Pikipiki nayo ikaanza kutoa moshi mweupe, ukaona huo ndio ushahidi: anatoa oili nzuri, anaweka uchafu.

Siku mliyogombana nilikuwa nimekaa nyuma yako kwenye siti. Alikusalimia vizuri tu.

"Mwangaluka, Baba Minza. Hii pikipiki kuna mtu anaiongezea oili huko nyumbani. Imezidi, ndiyo maana inafuka."

"Naongeza unachopunguza."

Aliweka spana chini. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, ile ya katikati, akachomoa kijiti akakuonyesha. Oili ilikuwa imepita mstari. Ukasema ameiongeza alipokuona unakuja. Watu waliokuwa wakingoja baiskeli zao walisikia.

"Mimi nimekuibia oili, ng'wanawane?" akakuuliza. Unajua vizuri kuliko mimi uzito wa neno hilo, ndugu kumwita ndugu. Uliwasha pikipiki. Tulirudi nyumbani ukiendesha taratibu, na usiku huo hukula.

Miaka ikapita. Mlikutana kwenye misiba, kila mmoja upande wake. Na ulipoanza kuugua ukaniita mimi, mzaliwa wako wa kwanza, ukaniambia, "Nikifa, Maduhu asinitie udongo." Nililishika neno hilo kama nilivyoshika yote uliyoniachia.

Siku ya mazishi alikuja mapema kuliko wote. Alichimba kaburi lako na vijana wa chama cha kuzikana tangu jua linachomoza, na hakuomba mtu ampokee jembe. Jeneza lilipoteremshwa akainama achukue udongo. Nikamwendea mbele za watu. Sikumwita baba mdogo. Nilimwambia, "Fundi, marehemu alikataa." Akaufungua mkono ukamwagika. Akarudi nyuma hadi kwenye ua wa minyaa akasimama pale mpaka padre alipomaliza, na chakula cha msiba hakugusa.

Nilijiona nimefanya kazi yako. Ndiyo maana skuta hii nimeilinda kama ulivyonifundisha. Ulipofika wakati wa kumwaga oili ya kwanza, ile ya kiwandani, nilikwenda kwa fundi mmoja hapa mjini, nikamsimamia kama polisi. Oili iliyotoka ilikuwa inametameta. Akaniambia nisiogope, ni vyuma vipya vinasagana, wala nisiikimbize Bugarama nikadhani nimetajirika. Sikucheka. Nilifungua chupa mpya mwenyewe, nikainusa, nikamimina mwenyewe mpaka tone la mwisho. Chupa tupu niliichukua nikaenda nayo nyumbani, maana najua chupa tupu hujazwa uchafu zikauzwa tena. Fundi akapima nikiona: mstari wa juu kabisa.

Nikafika nyumbani, nikaegesha karibu na ukuta, nikapima. Chini ya mstari wa chini.

Nilimshuku fundi, lakini mikono yake haikugusa chupa. Nikamshuku mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ana jenereta. Jioni ile nilifunga kifuniko kwa uzi na lakiri, kama tunavyofunga mizani za ghalani, nikapiga na alama yangu. Asubuhi lakiri ilikuwa nzima; nikaikata, nikapima, na oili ilikuwa bado haipo. Baba, hapo niliogopa. Nilianza kufikiria mambo ambayo padre hapendi tuyafikirie.

Unakumbuka kazi yangu. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la pamba, na ulikuwa unaleta marobota yako ukiwa umeshayapima kwingine kwanza, hata mimi mwanao ulinipima. Siku hiyo hiyo ya lakiri mzee mmoja alikataa kupokea kilo alizosomewa. "Mwanangu, mizani yako imeinama," akasema. Nikaja juu, halafu nikachungulia. Mguu mmoja ulikuwa umezama kwenye udongo kwa mvua ya usiku. Tukaweka kipande cha ubao, tukapima upya, mzee akapata kilo zake. Nikamwomba radhi. Nikamwambia maneno ninayowaambia wote: kipimo kilichoinama hakisemi kweli, hata kama hakuna aliyeiba.

Nilitoka nje kunywa maji nikaiona skuta yangu. Ilikuwa imeegemea stendi ya pembeni, imeinama.

Sikumaliza maji. Niliipandisha kwenye stendi kubwa, nikangoja, nikachomoa kijiti. Mstari wa juu kabisa. Nikairudisha kwenye ya pembeni, nikangoja, nikapima. Chini. Nilirudia mara nne, wakulima wakiwa wamepanga foleni wananitazama, wakijiuliza karani wao amepatwa na nini. Oili ilikuwa haiendi popote, baba. Ilikuwa inalala upande wa pili.

Maduhu alipima kwenye stendi kubwa kama fundi yeyote. Wewe ulipima kwenye ya pembeni, kwa sababu kuipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa kunataka mguu wa kulia ukanyage kwa nguvu zote, na mguu wako ulikuwa hauwezi. Miaka yote hiyo ulimwita mwenzako mwizi kwa nyonga uliyosema imepona. Nilikukasirikia siku hiyo. Sijawahi kukukasirikia namna ile ukiwa hai.

Nilikwenda njia panda jioni ile ile. Maduhu amezeeka, anavaa miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimwamkia, "Shikamoo baba mdogo." Aliishusha miwani, akanitazama.

"Marahaba."

Nikamweleza yote, stendi, mguu, ukuta wa alfajiri. Alisikiliza huku akifuta bisibisi ambayo ilikuwa safi tayari. Mwisho akasema, "Angeniambia tu kuwa bado anaumwa. Ningekuwa nakuja kila Jumamosi kuisimamisha." Akaweka bisibisi. "Na mimi ni mjinga. Fundi gani haulizi mtu anapimaje?"

Jumapili nilikwenda naye kwako. Ni hapo, tukiwa njiani baina ya mashamba ya pamba, nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelikunja na kuliweka mbali. Masika yako ya mwisho, ulipokuwa huwezi tena kuendesha, ulinituma niipandishe pikipiki kwenye stendi kubwa, ukasema tuifute matope chini. Nilipomaliza ulichomoa kijiti. Ukakitazama. Ukakifuta, ukakirudisha, ukakitazama tena kwa muda mrefu. Kisha ukaniuliza bila kuinua macho, "Maduhu bado yupo pale njia panda?"

Nami nikakujibu kwa sauti yako mwenyewe, "Achana naye, baba. Mwizi hajuliwi hali."

Ulifunga kifuniko. Ukasema niingize pikipiki ndani. Hukumtaja tena mpaka ulipoondoka.

Nimekushuku kwamba ulijua ukakaa kimya. Halafu nikageuza shuka upande wa pili. Huenda ulikuwa unatafuta mlango, na mimi ndiye niliyeufunga, kwa ufunguo ulionipa.

Maduhu alisimama kwenye kaburi lako, akavua kofia. Alichukua udongo mkononi lakini hakuutia. Aliniuliza, "Mwanangu, hata siku moja hakuniulizia?"

Ningeweza kumwambia hapana, yakaisha. Hakuna ambaye angenikamata.

"Alikuulizia," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemkatiza."

Alinitazama mikono, baba, kama ulivyokuwa ukitazama watu. Kisha akautia udongo taratibu, na akabaki ameinama kwa muda, kiganja kikiwa juu ya kaburi. Tulirudi kila mmoja kwa usafiri wake.

Jumamosi hii alikuja bila kuitwa. Alishika skuta akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akasogea pembeni ili nipime mwenyewe. Nilipima. Nisamehe, nilipima mara mbili.

Pumzika, baba. Hakuna aliyekuibia.

Mwanao wa kwanza,
Minza