Chungu cha Mchwa

Dutwa, 16 Julai 1995

Mwanangu Nyanjige,

Mwangaluka, mayu. Habari za Mwanza? Mjukuu wangu Flora amepona kikohozi? Mimi ni mzima, nakula na kulala, ila kitanda kimekuwa kikubwa.

Barua yako nimeisoma. Unataka niuze kuku wa marehemu mama yako, nifunge nyumba nije kukaa kwako. Unasema hata wale dagaa uliokuwa ukimtumia kwa basi huwapati tena, wafanyabiashara wanawamaliza wote kule mwaloni, mitumbwi inaposhusha. Nimekuelewa. Lakini juzi kuku wake wa madoadoa ametotoa. Mayai mama yako alimwekea mwenyewe, wiki ile ile aliyougua. Nikivitazama vifaranga, naona kazi ya mikono yake ambayo haijaisha.

Nipe mpaka mvua. Vikikua, niache hapa. Vikifa, nitakuja bila ubishi.

Baba yako,
Mahona


Mwanza, 30 Julai 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Flora amepona na anakusalimu. Unakunywa uji asubuhi, au unavaa tu na kutoka?

Nimekubali, ingawa nimecheka. Wewe, baba, hata kuokota yai ulikuwa unamwita mama. Vifaranga vinataka kitu cha kuvipa nguvu, pumba peke yake haitoshi. Dagaa walipokosekana, mama alikuwa anatega mchwa kwa chungu. Nilikuwa mdogo, sikumbuki vizuri alivyofanya. Muulize mama mdogo Felisita.

Chumba chako nimeshakifagia.

Binti yako,
Nyanjige


Dutwa, 20 Agosti 1995

Mwanangu,

Mwadila, mayu. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mwili wangu hauna neno.

Chungu nilikitoa juu ya dari, bado kina alama ya dole gumba la mama yako ukingoni, pale alipokiziba kwa udongo. Felisita alinielekeza: jaza samadi mbichi na mabua, mwagia maji, kifudikize juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi uwamwagie kuku. Aliponiona nakoroga alicheka mpaka akakaa chini, akasema shemeji leo anapika mavi ya ng'ombe, wageni ni nani.

Nilikifudikiza kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba letu la pamba. Mabua ya mahindi ng'ombe wameyamaliza, kwa hiyo nikavunja miti ya pamba iliyosimama pale pale. Siku hizi hakuna bwana shamba anayekuja kutuhimiza tuing'oe na kuichoma baada ya kuvuna. Mchwa walijaa, na vifaranga vilikula nikafurahi peke yangu kama mwehu. Lakini baada ya siku chache vilianza kushusha mabawa. Vingi vimekufa. Vitano bado vinasimama.

Ahadi ni ahadi. Niambie siku ya kuja.

Baba yako,
Mahona


Mwanza, 23 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine zitafuata. Hii nampa Kasmiri, utingo wa basi, aifikishe leo leo.

Usivipe tena vifaranga mchwa wa shamba la pamba. Katika barua yako, nilipofika pale uliposema umevunja miti, nilimkumbuka mama kama namwona. Amebeba chungu kichwani, mimi nyuma yake, tunaipita pamba yote mpaka kwenye mtama wa kina Salu. Miguu iliniuma, nikamuuliza mbona hapa kuna kichuguu. Alisema, "Hapa baba yako amepiga dawa. Kinachokula hapa, kuku wangu hawakili."

Miaka yote wewe ulipiga dawa, yeye akabeba chungu, na hamkuulizana.

Ningenyamaza, ungekuja. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikiliwaza hilo. Nenda kwenye mtama, baba.

Binti yako,
Nyanjige


Dutwa, 19 Novemba 1995

Mwanangu Nyanjige,

Mwangaluka, mayu, na mjukuu wangu pia. Unisamehe kwa ukimya, nilitaka niandike nikiwa na la kusema.

Mvua imeanza. Wale watano wako hapa mlangoni, wakubwa, wana kelele. Kila jioni nilibeba chungu mpaka kwa kina Salu. Kichwani sikuweza, nilikipakata kama mtoto, na watu wa njiani walipata la kuzungumza. Ni mbali. Alikuwa anakwenda mbali sana, na mimi nikidhani yuko nyuma ya nyumba.

Jana kumbikumbi walitoka, kuku wakala mpaka wakashindwa kutembea. Nikamkumbuka bibi yako uliyerithi jina lake, aliyeitwa hivyo kwa kuzaliwa wakati wa nzige. Alikuwa anasema mwaka ule watu walilia na kuku wakanenepa.

Chumba ulichokifagia alale Flora. Mimi nipo. Njooni Krismasi. Siku mtakayofika nitakwenda na Flora kwenye mtama, tukifudikize chungu pamoja, na asubuhi akifunue yeye.

Baba yako,
Mahona